Bikoni, faili na jirani: kwa nini mipaka ya viwanja Dodoma inapotea

Mashamba mengi ya pembezoni mwa Jiji la Dodoma, kuanzia Zuzu na Mbabala hadi Hombolo, bado yanauzwa kwa hatua. Muuzaji na mnunuzi wanaongozana, hatua 70 huku, hatua 70 kule, na hiyo ndiyo ekari. Ekari ya kweli ni mita za mraba 4,047, yaani mraba wenye upande wa mita 63 na sentimita 60 hivi. Mtu mwenye hatua ya sentimita 90 anakaribia sana, maana hatua zake 70 ni mita 63. Mwenye hatua ya sentimita 75 amefika mita 52 na nusu, na ekari yake ina mita za mraba 2,756, karibu theluthi nzima pungufu. Mrefu anayetupa hatua ya mita moja ametoa 4,900. Mikataba yao yote mitatu imeandikwa "ekari moja", imegongwa muhuri wa serikali ya mtaa na ina mashahidi.

Zamani tofauti hiyo haikuumiza sana. Shamba la uwele au mtama lilizungushiwa minyaa, au mpaka ulikuwa mbuyu, kichuguu, ukingo wa korongo, na wazee wa pande zote mbili waliujua. Mambo yamebadilika kwa kasi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179 katika Jiji. Katikati ya sensa hizo Serikali ilihamia, na Mtumba, palipokuwa mashamba, pakawa Mji wa Serikali. Shamba lile la hatua 70 kwa 70 limekatwa viwanja vya 20 kwa 20, na mita tatu ambazo mkulima angezisamehe leo ni chumba cha mtu au shimo lake la choo.

Upimaji umejaribu kukimbizana na ongezeko hilo, na kwa kiasi umefanikiwa. Kilichoachwa nyuma ni utunzaji wa kile kilichopimwa. Mpaka hukaa mahali patatu kwa wakati mmoja: ardhini kama jiwe, ofisini kama namba, na kichwani mwa jirani. Jiwe likipotea, namba na jirani wanaweza kulirudisha. Namba zikipotea, mawe yaliyobaki yanaweza kupimwa upya. Yakipotea mawili kwa pamoja, kinachobaki ni neno la mtu dhidi ya neno la mwenzake, na hapo safari ya barazani imeanza.

Anayeshika hati huona karatasi tu, lakini nyuma yake kuna mlolongo mrefu. Kwanza ni mchoro wa mipangomiji, unaoandaliwa chini ya Sheria ya Mipangomiji ya 2007, ukionyesha barabara, viwanja, shule, soko na maeneo ya wazi. Mchoro huo ni mpango, haujapima chochote. Ukishaidhinishwa, upimaji unafuata chini ya Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324. Mpima anaanzia kwenye alama za msingi ambazo viwianishi vyake, yaani namba zinazotaja mahali zilipo, vinajulikana, mafundi wanaziita kontroo, anahamisha vipimo hadi kwenye eneo, anasimika bikoni, yaani jiwe la mpaka, kila kona, kisha anarudi na faili lenye vitu vinne: daftari la uwandani, mahesabu, orodha ya viwianishi na ramani ya upimaji. Faili linakaguliwa kwa mamlaka ya Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Likipita, ramani inapewa namba ya usajili. Kutoka kwenye ramani hiyo iliyosajiliwa ndipo huchorwa ramani ndogo inayoambatishwa kwenye hati, na Msajili wa Hati husajili umiliki wa miaka 33, 66 au 99.

Watu wengi hawaijui hatua ile ya namba ya usajili wa ramani. Kabla haijapatikana, kiwanja kinaweza kuwa na mawe manne yaliyonyooka, namba iliyoandikwa kwa rangi nyekundu, barabara iliyochongwa na greda, na dalali anayeapa kwamba "kimepimwa". Kisheria bado. Mkaguzi akikuta mahesabu hayafungi, au barabara imepunguzwa ili kipatikane kiwanja cha ziada, faili linarudi na mawe yanahamishwa. Aliyekwisha jenga kwa kufuata mawe ya mwanzo anabaki na ukuta usiofuata ramani yoyote. Kwa maoni yangu, kuuza na kugawa viwanja kabla ya ramani kusajiliwa kunazaa migogoro mingi ya pembezoni mwa jiji kuliko hata utapeli wa madalali, kwa sababu tapeli hufahamika na kukimbiwa, ila jambo hili hufanywa na watu waaminifu wenye haraka, tena mchana kweupe.

Sasa tulitazame jiwe lenyewe. Bikoni ya kawaida ya mjini ni kipande cha nondo kilichozamishwa kwenye zege, namba yake ikiandikwa kwenye zege kabla haijakauka. Kona ya kiwanja ni ncha ya nondo. Ukingo wa zege si kona. Makosa madogo ya sentimita 10 hivi huanzia hapo, fundi anapokaza uzi wa msingi kwenye ukingo wa nje wa zege badala ya katikati, na jirani naye akafanya vivyo hivyo upande wake.

Ardhi ya Dodoma haiyahurumii mawe haya. Mvua ni chache kwa mwaka, lakini hushuka ndani ya miezi michache kuanzia Desemba, nyingine kwa kishindo, na udongo wa kichanga usio na majani hubebwa nayo. Korongo la msimu mmoja linaweza kuifukua bikoni nzima na kuiacha imelala mita kadhaa kutoka kwake, ikiwa na namba yake vilevile, na huyo ndiye shahidi wa uongo mbaya kuliko wote. Kwenye mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, tatizo ni jingine. Udongo huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na zege fupi husukumwa mwaka hadi mwaka mpaka ikainama. Mahali kama hapo zege inatakiwa ishuke chini zaidi ya tabaka linalopasuka, na mpima anayebana gharama za saruji anamwachia mwenye kiwanja deni. Wapo pia wanaong'oa nondo kuuza chuma chakavu, malori ya mchanga yanayokata kona, na wenye viwanja wenyewe wanaoifukia bikoni ndani ya msingi wa ukuta wakidhani kazi yake imekwisha. Sheria inakataza kuondoa au kuharibu alama za upimaji, lakini mara nyingi aliyeing'oa ni dereva wa greda ambaye hakuna aliyemwonyesha kwamba ipo. Siku moja kabla ya kuchonga barabara, mtu mmoja mwenye kopo la rangi na vijiti virefu angeokoa mawe ya mtaa mzima.

Jiwe likipotea, namba zake zinapaswa kulirudisha. Kazi hiyo inaitwa kufufua mipaka, na hapa Dodoma ina ugumu wake. Ramani nyingi za zamani ziko kwenye mfumo wa viwianishi uitwao Arc 1960. Vipokezi vya satelaiti vya leo, pamoja na simu ya mkononi, husoma mfumo wa dunia nzima, WGS84, na mfumo mpya wa taifa, TAREF11, unakaribiana na huo. Kwa sura namba zinafanana: tarakimu sita za mashariki, saba za kaskazini. Lakini kona ile ile ya Dodoma, ikisomwa kwa mfumo mmoja na kutafutwa kwa mwingine, huangukia kama mita 300 kaskazini au kusini mwa mahali pake, na kama mita 90 mashariki au magharibi. Kosa kubwa kiasi hicho lina nafuu moja, kwamba linaonekana. Linalodhuru ni jaribio la kulirekebisha kwa njia ya mkato: mtu anachukua orodha nzima ya viwianishi na kuisogeza mpaka ikae juu ya jiwe moja alilolikuta, bila kuhakiki jiwe hilo kwa mawe mengine. Kama jiwe lile ndilo lililobebwa na maji, kitalu kizima, yaani kundi zima la viwanja vilivyopimwa pamoja, kimelifuata. Angalau mawe matatu ya zamani, yaliyotawanyika na siyo yaliyo kwenye mstari mmoja, ndiyo yanayoweza kusema lipi kati yao limetembea.

Kuna na suala la kanda. Mfumo wa ramani wa UTM hugawa dunia katika vipande vya nyuzi sita za longitudo, na mstari wa nyuzi 36 mashariki, unaotenganisha kanda ya 36 na ya 37, unapita mashariki kidogo mwa jiji. Katikati ya mji ni kanda ya 36. Kongwa na Mpwapwa ziko kanda ya 37. Mradi wowote unaofuata barabara ya Morogoro utauvuka mstari huo. Orodha ya viwianishi isiyotaja kanda inaweza kumpeleka mtu mkoa mwingine kabisa.

Ukaribu na ukingo wa kanda una athari nyingine isiyoonekana kwa macho. Kadiri unavyoukaribia ukingo, umbali unaokokotolewa kutoka kwenye viwianishi hurefuka kuliko ule wa ardhini. Mwinuko wa jiji, kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, unapunguza urefu huo kidogo tu. Matokeo yake kwa Dodoma ni zaidi ya nusu mita kwa kila kilomita. Kwenye upande wa kiwanja wa mita 30 ni chini ya sentimita mbili, hakuna wa kugombana. Lakini mpima anayetoka na totali stesheni, kifaa cha kupima pembe na umbali, kwenye alama ya msingi iliyo kilomita mbili mbali bila kuweka sahihisho hilo, atafika na kosa la zaidi ya mita moja, na atasimika kitalu kizima kikiwa kimesogea. Ndani ya kitalu kila kitu kitapimika sawasawa. Tatizo litatokea siku kitalu cha jirani kikipimwa kwa satelaiti: kichochoro cha mita tatu kimebaki na mbili, au viwanja viwili vinagombea kona moja. Wamiliki watashutumiana wizi, ilhali hakuna aliyeiba.

Yote haya yangezuilika kwa mistari minne ndani ya faili: mfumo uliotumika, kanda, majina ya alama za msingi zilizoanziwa, na kama umbali uliotajwa ni wa ardhini au wa ramani. Faili lisilo na mistari hiyo lingepaswa kurudishwa hata kama kila kitu kingine ni safi.

Historia ya mji nayo imeongeza mzigo. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliundwa 1973 ilipoamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, na kwa zaidi ya miaka 40 ndiyo iliyopanga, ikapima na kugawa ardhi ya mji, ikiwapa wananchi miliki za miaka 33. Ilivunjwa Mei 2017, majukumu yake yakaenda Manispaa, nayo Manispaa ikawa Jiji Aprili 2018. Mamlaka huhama kwa tamko la siku moja. Kumbukumbu hazihami hivyo. Zinahitaji mtu aketi na kulinganisha mchoro na mchoro, faili na faili, na kuandika mahali palipo na pengo.

Mfano ni kiwanja kimoja kupewa watu wawili, kero ambayo mawaziri wa ardhi waliofuatana wameisikiliza hadharani Dodoma. Rushwa ipo na ishughulikiwe. Hata hivyo kuna njia ya kawaida kabisa inayozalisha kero hiyo bila mtu kupokea senti. Mchoro unaidhinishwa, barua za toleo, yaani za kumpa mtu kiwanja, zinatoka. Baadaye mchoro unarekebishwa, pengine kwa sababu barabara imepanuliwa au bomba la maji limepita, na viwanja vinapewa namba mpya. Barua za zamani hazifutwi wala hazioanishwi na namba mpya. Afisa anayekuja anafungua mchoro mpya, anaona kiwanja hakina jina, anakigawa. Wote wawili wana karatasi halali zenye namba tofauti za ardhi ile ile. Mifumo ya kidijiti ya wizara inasaidia pale tu mchoro wa zamani nao umeingizwa. Kompyuta haiwezi kuonya juu ya barua iliyobaki kwenye kabati.

Kwa mnunuzi, ulinzi unaanzia kwenye swali moja kwa muuzaji: namba ya ramani ya upimaji iliyosajiliwa ni ipi? Akiwa nayo, pamoja na namba ya kiwanja na ya kitalu, upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi utaonyesha mmiliki aliyesajiliwa na kama kuna mkopo au zuio. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unathibitisha kwamba watu wawili walikutana na kukubaliana bei. Haupimi ardhi wala hausajili umiliki.

Kisha aende uwandani na futikamba, hata kabla ya kumlipa mpima. Kupima pande nne hakutoshi, kwa sababu pande nne zinaweza kuwa sahihi na umbo likawa limelala. Kiwanja cha 20 kwa 30 kilichonyooka kina mita za mraba 600 na milalo miwili, kona hadi kona, yenye mita 36 na sentimita 6 kila mmoja. Kikilala hadi pembe ikawa nyuzi 80, pande zitabaki 20 na 30 vilevile, lakini mlalo mmoja utakuwa kama mita 38.8 na mwingine 33, na eneo limeshuka hadi kama mita 591. Kwa viwanja visivyo mstatili, urefu wa milalo huulizwa kwa mpima, anaukokotoa kutoka kwenye viwianishi kwa dakika chache. Futikamba ishikwe sawa kama maji yalivyotulia: kwenye mteremko wa mita tatu kwa kila mita 30, kama ule wa miguuni mwa milima ya mji, kamba iliyolazwa juu ya ardhi inadanganya kwa sentimita 15.

Milalo ikikubali, bado mnunuzi hajajua kama mawe yote manne yamehama pamoja. Hilo ni la mpima aliyesajiliwa, anayeanzia mawe ya nje ya kiwanja. Simu yenye GPS haifai hata kidogo kwa kazi hiyo. Mahali pa wazi hukosea mita tatu hadi tano. Majirani wawepo siku hiyo, na yafaa waandike na kusaini karatasi kwamba wameonyeshwa mawe, kila jiwe kwa namba yake. Karatasi hiyo haina nguvu ya hati, ila miaka 20 baadaye, watoto watakapokuwa ndio wenye nyumba, itakuwa na thamani ambayo leo haionekani.

Vijijini, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hatimiliki za kimila zinaweza kupimwa kwa vifaa vya usahihi mdogo zaidi, na kwa shamba kubwa la mtama hilo linavumilika. Silikubali kwa shamba la zabibu. Kwenye ekari moja ya mraba, kosa la mita tatu upande mmoja ni kama mita za mraba 190, na mizabibu iliyo juu yake ni ya miaka mingi, yenye nguzo na waya. Maeneo ya zabibu yapimwe kwa usahihi wa mjini.

Mgogoro ukishafika kwenye sheria, kumbukumbu duni hugeuka hasara ya moja kwa moja. Tangu marekebisho ya 2021, baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Suluhu isipopatikana ndani ya siku 30, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na mahakamani, Amri ya 7, kanuni ya 3 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inataka mdai aieleze ardhi kwa namna inayotosha kuitambua, na kama imesajiliwa, ataje namba. "Shamba langu la Nzuguni linalopakana na mzee fulani" haitoshi pale mzee amekwisha fariki na shamba lake limekatwa viwanja 12. Wapo wenye haki wanaoshindwa au kurudishwa mwanzo, si kwa sababu ardhi haikuwa yao, ni kwa sababu hawakuweza kusema iko wapi.

Halmashauri za Dodoma, Chamwino na Bahi zina jambo la kufanya lisilosubiri mkopo wala mradi mkubwa. Orodha ya viwianishi ya kitalu cha viwanja 300 ni kurasa chache tu. Nakala yake ikae ofisi ya mtaa, ikiwa na namba ya ramani, mfumo na kanda. Kila mradi wa barabara uandikiwe kwenye mkataba kwamba mkandarasi atayarudisha mawe atakayoyang'oa, akishuhudiwa na mpima, na malipo ya mwisho yasubiri hilo. Alama za msingi za mji zikaguliwe kila mwaka, maana ikipotea moja, mamia ya bikoni zilizotokana nayo zimebaki yatima.

Na ipo kazi moja yenye muda wake. Wapima na wasaidizi wao waliosimika alama za mji katika miaka ya 1970 na 1980 wamestaafu, na kila mwaka wanapungua. Wanakumbuka kontroo ipi iko nyuma ya mwamba upi, ipi ilifukiwa barabara ilipopanuliwa, daftari la eneo lipi liliishia kabati lipi. Wanaweza kutafutwa, wakapandishwa gari pamoja na kijana mwenye kipokezi cha satelaiti, wakazungushwa Mlimwa, Kikuyu, Makulu na Ntyuka, na kila alama waionyeshayo ikapigwa picha na kuandikwa namba upya. Wakati mzuri ni Septemba hadi Novemba, majani yakiwa yamekauka na mawe yanaonekana.